Kompyuta Mpakato ya Zamani na Mfumo Endeshi Mpya: Mwongozo Kamili wa Kuipima Kabla Hujamaliza Bando

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, swali ninalokutana nalo zaidi hapa Dodoma ni lile lile: je, kompyuta yangu hii ya zamani itakubali Windows 11? Wanaouliza ni walimu, wanafunzi wa vyuo, makarani na wenye vibanda vya kuchapa kazi, na karibu wote wameshajaribu na kushindwa mahali pamoja. Wamenunua bando kubwa la usiku, wamepakua faili la GB tano au zaidi, wameandaa flashi, kisha saa nane ya usiku kioo kimewaambia kwamba kompyuta haikidhi vigezo.

Kosa lao ni la mpangilio, kwani walianza kupakua kabla ya kupima. Katika mwongozo huu tutaanza na kile kisichobadilishika, ambacho ni prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Tutafuata na vile vinavyowashwa kwenye mipangilio bila gharama. Kisha tutamalizia na vile vinavyonunuliwa dukani, yaani RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) na diski. Ukifuata mpangilio huo, utapata jibu kabla hujatoa hata shilingi moja.

Yafaa pia tukubaliane kwamba neno "inakubali" lina maana tatu. Mfumo unaweza kuwaka. Unaweza kuwaka na kufanya kazi bila kuganda kila dakika. Na unaweza kufanya yote hayo huku ukiendelea kupokea masasisho ya usalama. Fundi anayekuambia "tutapiga Windows 11, itakubali tu" kwa kawaida anajibu maana ya kwanza peke yake.

## Vitu vya kuandaa

- Kompyuta yenyewe na chaja yake inayofanya kazi sawasawa.
- Daftari na kalamu, kwa sababu utaandika namba ambazo hutazikumbuka.
- Simu ya kusomea maelekezo haya, maana kuna nyakati kompyuta itakuwa imezimwa.
- Diski ya nje au flashi kubwa ya kuhifadhia nakala za kazi zako.
- Flashi nyingine ya GB 8 au zaidi, ambayo uko tayari kufuta kila kilichomo.
- Bisibisi ndogo ya nyota na brashi laini, ikiwa utafungua mfuniko wa chini.
- Bando la GB 10 hivi. Usilinunue leo, utalihitaji kuanzia hatua ya saba.

## Hatua ya 1: Soma kizazi cha prosesa

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika msinfo32, kisha bonyeza Enter. Dirisha litakalofunguka lina sehemu kubwa ya maelezo ya hatua hii na inayofuata, kwa hiyo liache wazi. Tafuta mstari wa "Processor" na uandike jina zima daftarini, kwa mfano Intel Core i5-6300U.

Namba iliyo baada ya i3, i5 au i7 ndiyo inayotaja kizazi. Ikiwa ina tarakimu nne, kwa kawaida tarakimu ya kwanza ndiyo kizazi: i5-6300U ni ya kizazi cha 6, na i5-8350U ni ya kizazi cha 8. Ikiwa ina tarakimu tano, soma mbili za mwanzo: i5-10210U ni ya kizazi cha 10. Zipo chache zinazochanganya, kama i5-1035G1 na i7-1165G7, ambazo huanza na 1 lakini ni za kizazi cha 10 na cha 11. Hizo nazo zisome tarakimu mbili za mwanzo.

Kwa upande wa Intel, orodha rasmi ya Windows 11 huanza na kizazi cha 8, pamoja na prosesa chache mno za kizazi cha 7. Kwa upande wa AMD, kompyuta mpakato zenye Ryzen za mfululizo wa 3000 na kuendelea kwa kawaida zimo. Zile za mfululizo wa 2000 usizikubali kwa kukisia, bali tafuta jina lake kamili kwenye orodha iliyo katika tovuti ya Microsoft. Kompyuta nyingi za bei nafuu zenye AMD A4, A6 au E2 hazimo kabisa.

Hapa ndipo wanunuzi wengi wa kompyuta zilizotumika huumia. Karatasi iliyobandikwa dukani huandikwa "Core i5, RAM 8, SSD 256", bila kizazi, ilhali i5 ya kizazi cha 2 na i5 ya kizazi cha 8 ni sawa na trekta mbili zenye rangi moja na injini tofauti. Hata jina la modeli halitoshi. HP EliteBook 840 G3, Dell Latitude E7470 na Lenovo ThinkPad T460 ni za kizazi cha 6. EliteBook 840 G5, Latitude 7490 na ThinkPad T480 hujulikana kuwa za kizazi cha 8, lakini baadhi yake zilitoka kiwandani na prosesa za kizazi cha 7. Kwa hiyo mwombe muuzaji awashe mashine na ufungue msinfo32 mbele yake. Ikiwa hataki, ondoka.

Kuna mpaka mwingine ulio chini zaidi. Kuanzia toleo la 24H2, Windows 11 hutumia amri za prosesa ambazo Core 2 Duo na nyingine za umri wake hazina. Katika mashine hizo mfumo hautawaka kabisa, hata kwa ujanja wa aina gani, na fundi atakayekudai pesa ya kujaribu anakuibia muda.

Dalili ya mafanikio: daftarini kuna jina kamili la prosesa na kizazi chake. Hata kama kizazi ni cha chini ya 8, endelea na hatua zinazofuata, kwa kuwa majibu yake yatahitajika katika uamuzi.

## Hatua ya 2: Chunguza UEFI, Secure Boot na chipu ya TPM

Katika dirisha lile lile la msinfo32, soma mstari wa "BIOS Mode". Unapaswa kusema UEFI, ambao ni utaratibu mpya wa kuwasha kompyuta. Ukisema Legacy, kompyuta inawaka kwa utaratibu wa zamani. Kisha soma "Secure Boot State", ambayo huonyesha kama ule ulinzi unaozuia programu zisizotambulika kujipenyeza wakati wa kuwaka umewashwa au umezimwa.

Baada ya hapo, bonyeza tena kitufe cha Windows na R, kisha uandike tpm.msc ili uione TPM, chipu inayotunza funguo za usalama za kompyuta. Upande wa kulia, chini ya "Specification Version", Windows 11 inataka isomeke 2.0. Ikiwa dirisha linasema chipu haikuonekana, usikate tamaa mapema: mara nyingi ipo ila imezimwa kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayofunguka kabla ya Windows kuwaka. Zima kompyuta, iwashe huku ukigonga kitufe cha kuingilia BIOS, ambacho kwa HP nyingi ni F10, kwa Dell ni F2, na kwa ThinkPad ni F1. Nenda sehemu ya usalama na utafute jina kama Intel PTT, AMD fTPM, TPM au Security Device. Ukiiwasha, hifadhi mabadiliko na utoke.

Kabla hujagusa chochote humo, zingatia maonyo matatu.

La kwanza ni la BitLocker, yaani usimbaji wa diski. Ikiwa umewashwa, mabadiliko ya TPM au ya BIOS yanaweza kuifanya kompyuta idai ufunguo wa tarakimu 48 kabla ya kuwaka, na asiye na ufunguo huo hapati mafaili yake. Fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) kama msimamizi, andika manage-bde -status, na uangalie kama ulinzi umewashwa. Ukiwa umewashwa, tafuta ufunguo kwenye akaunti yako ya Microsoft, uandike kwenye karatasi, kisha usimamishe ulinzi kwa muda.

La pili ni la Legacy. Usibadilishe kutoka Legacy kwenda UEFI kwa kubofya tu, kwa maana diski iliyopangwa kwa utaratibu wa zamani, yaani MBR, haitawaka upande wa pili. Ukijikuta umeshafanya hivyo na kioo kimebaki cheusi, rudisha Legacy na mashine itawaka kama awali. Njia sahihi ni kuhifadhi nakala kwanza, kisha kufungua Command Prompt kama msimamizi na kuandika mbr2gpt /validate /allowFullOS. Jibu likiwa zuri, andika mbr2gpt /convert /allowFullOS, zima kompyuta, ndipo uingie BIOS na kuweka UEFI. Amri ya kwanza hukagua tu. Ya pili hubadilisha mpangilio wa diski, na umeme haupaswi kukatika katikati yake.

La tatu huwapata wanaonunua kompyuta zilizotoka ofisi za Ulaya na Marekani: BIOS ina nenosiri la mwajiri wa zamani, na bila hilo huwezi kuwasha TPM wala, mara nyingine, kuwasha kompyuta kutoka kwenye flashi. Katika kompyuta za kazini nenosiri hilo halifutiki kwa kutoa betri ndogo ya ubao mama, tofauti na vijana wengi wanavyoamini. Jaribu kuingia BIOS ungali dukani, kabla hujalipa.

Dalili ya mafanikio: msinfo32 inasema UEFI, Secure Boot ipo hata kama bado haijawashwa, na tpm.msc inaonyesha 2.0.

## Hatua ya 3: Pima RAM na diski

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha fungua ukurasa wa "Performance". Kwenye "Memory" utaona kiasi cha RAM na idadi ya nafasi zilizotumika, mathalani 1 kati ya 2. Kwenye "Disk" utaona kama diski ni SSD (ya kisasa, isiyo na kitu kinachozunguka ndani) au HDD (ya kizamani).

Kigezo rasmi ni RAM ya GB 4 na diski ya GB 64. Kigezo changu ni tofauti: RAM ya GB 8 na SSD ya GB 240 au zaidi. Windows 11 kwenye GB 4 itawaka, lakini ukifungua kivinjari chenye kurasa tano na faili la Word, itaanza kuazima nafasi kwenye diski, na hapo utaisikia ikihema. Zipo pia kompyuta ndogo zenye Celeron N4000 na diski ya kuchomelewa ya GB 32. Prosesa hiyo imo kwenye orodha rasmi, ila diski haitoshi na haibadilishiki.

Ikiwa una pesa ya kununua kitu kimoja tu, nunua SSD. HDD, ile diski ya kizamani yenye sahani inayozunguka, ndiyo sababu kubwa ya kompyuta za kizazi cha 4 hadi cha 7 kuonekana zimechoka. Mashine ile ile iliyokuwa ikichukua dakika kadhaa kuwaka hugeuka ikawaka katika nusu dakika hivi. Matumizi ya namna hii hayapotei, kwa kuwa SSD itakufaa hata ukibaki na Windows 10 au ukihamia Linux, mfumo endeshi mwingine wa bure.

Kabla ya kununua, fungua mfuniko au tafuta maelezo ya modeli yako, ili ujue kama inapokea SSD ya inchi 2.5 au ile nyembamba ya M.2, na kama RAM ni DDR3L au DDR4. Vijiti vya DDR3L na DDR4 havibadilishani. Pengo la chini liko mahali tofauti, na kulazimisha kutavunja soketi. Wanaotoka Kondoa, Kongwa au Mpwapwa kuja mjini kununua vifaa wafanye jambo moja rahisi: wapige picha ya karatasi iliyobandikwa kwenye kijiti cha RAM na waje nayo, kwani nauli ya kurudi kubadilisha kifaa inaweza kukaribia bei ya kifaa chenyewe.

SSD bandia zipo, na flashi bandia ni nyingi zaidi. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo itakuonyesha afya ya diski na saa ilizofanya kazi. Diski "mpya" yenye saa elfu kadhaa si mpya. Kwa flashi, tumia H2testw, ambayo huijaza data na kuisoma tena ili kubaini kama GB 64 zilizoandikwa juu ya ganda zipo kweli ndani.

Dalili ya mafanikio: unajua kiasi cha RAM, aina yake, nafasi iliyobaki, na aina ya diski pamoja na afya yake.

## Hatua ya 4: Angalia betri, joto na vumbi

Hatua hii hurukwa na wengi, nayo hapa kwetu ina uzito wa pekee. Upepo wa kiangazi huleta vumbi jekundu ambalo huingia kwenye feni na kujibana katika mapezi ya kupoozea, na prosesa ikipata joto hujipunguzia kasi yenyewe. Mwenye kompyuta husema Windows mpya imeilemea, kumbe ingeganda hata na ile ya zamani. Ukisikia feni ikivuma muda wote hata kompyuta ikiwa haina kazi, isafishe kwanza ndipo uhukumu.

Zima kompyuta kabisa, chomoa chaja, fungua mfuniko na uchomoe waya wa betri kabla hujagusa kitu kingine. Shikilia mabawa ya feni kwa kidole unapopuliza au kupangusa kwa brashi, kwa sababu feni inayozungushwa ovyo na upepo wa mashine huharibika. Usitumie kitambaa chenye maji.

Kisha pima betri. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, na ufungue faili litakalotajwa. Linganisha uwezo wa awali na uwezo wa sasa wa kujaa: betri iliyotengenezwa na mWh 46,000 ambayo leo hujaa kwa mWh 15,000 imebaki na theluthi moja tu. Hilo haliizuii Windows 11, lakini linakuambia usifanye usakinishaji siku ambayo mtaa wenu una mgao. Betri ikiwa imekufa kabisa, azima UPS au fanya kazi hiyo mahali penye jenereta.

## Hatua ya 5: Fanya uamuzi

Sasa fungua daftari. Majibu yako yatakuwa katika moja ya mafungu matatu.

Prosesa imo kwenye orodha, TPM ni 2.0, RAM ni GB 8. Hamia Windows 11 kwa njia rasmi. Ni bure ikiwa Windows 10 yako ilikuwa halali, na mafaili pamoja na programu hubaki. Hakuna sababu ya kusita.

Prosesa ni ya kizazi cha 4 hadi cha 7. Hapa ndipo walipo wasomaji wengi, na kuna njia tatu.

Njia ya kwanza ni kubaki na Windows 10 na kujiunga na mpango wa masasisho ya ziada ya usalama, unaofika tarehe 13 Oktoba 2026 kwa watumiaji binafsi. Kompyuta lazima iwe na toleo la 22H2 na akaunti ya Microsoft. Unaweza kujiunga bila malipo kwa kuruhusu mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti hiyo, au kwa pointi 1,000 za Microsoft Rewards, au kwa dola 30 za Marekani. Kiungo chake kiko kwenye ukurasa wa Windows Update. Njia hii inawafaa waliofungwa na programu moja ya Windows, kama ya uhasibu au ya mashine ya EFD (ya risiti za kodi), na wanaohitaji muda wa kutafuta kompyuta nyingine bila pupa.

Njia ya pili ni Linux. Linux Mint hutaka RAM ya GB 2 kwa uchache na GB 4 ili ufanye kazi kwa raha, na mfululizo wake wa 22 utapata masasisho hadi mwaka 2029. Kwa mwanafunzi anayeandika kazi za darasani, anayesoma PDF, anayetumia barua pepe na kutazama video, naiona kuwa njia bora kuliko zote, nami nimeipendekeza kwa watu ambao hawakuwahi kuisikia na wakaizoea ndani ya wiki. Upungufu wake ni kwamba Microsoft Office ya kusakinishwa haifanyi kazi humo. Utatumia LibreOffice, ambayo hufungua na kuhifadhi mafaili ya Word na Excel, ingawa nyaraka zenye majedwali mazito huweza kuvurugika mpangilio.

Njia ya tatu ni kuiingiza Windows 11 kwa kuruka vigezo, kwa kutumia Rufus, programu ya kuandaa flashi ya kusakinishia. Inawezekana, na kwenye kizazi cha 6 au cha 7 chenye SSD na GB 8 hufanya kazi vizuri. Hata hivyo, Microsoft imesema wazi kwamba kompyuta za namna hiyo hazina uhakika wa kupokea masasisho, na matoleo makubwa ya kila mwaka kwa kawaida hayaji yenyewe. Itakubidi urudie kazi ya flashi. Mimi siipendekezi kwa kompyuta inayobeba mishahara ya watu au matokeo ya wanafunzi.

Prosesa ni ya kizazi cha 3 kurudi nyuma, au RAM haiwezi kuzidi GB 4. Weka Linux Mint toleo la Xfce, ambalo ni jepesi zaidi, na usinunue kitu kingine isipokuwa SSD ya bei nafuu.

## Hatua ya 6: Hifadhi nakala

Nakili kwenye diski ya nje Documents, Desktop, Pictures na Downloads, pamoja na folda yoyote uliyoitengeneza moja kwa moja kwenye C. Andika orodha ya programu unazozitumia na leseni zake. Hifadhi nywila zilizomo kwenye kivinjari.

Kisha chomoa diski, ichomeke kwenye kompyuta nyingine na ufungue mafaili matatu au manne. Mwalimu mmoja alinijia akiwa na diski yenye majina ya mafaili ya maksi za mihula miwili, yote yakiwa njia za mkato zinazoelekeza kwenye diski iliyokwisha kufutwa. Hakukuwa na cha kumsaidia.

## Hatua ya 7: Pakua na uandae flashi

Sasa nunua bando. Anayehamia Windows 11 kwa njia rasmi hahitaji flashi: atafungua Windows Update, na kama nafasi ya kuhamia haijatokea hapo, atatumia Windows 11 Installation Assistant kutoka tovuti ya Microsoft.

Wanaofuata njia ya flashi wapakue faili la ISO, yaani faili moja lenye mfumo mzima, kutoka tovuti rasmi ya Microsoft au ya Linux Mint, wala si kutoka kwa mtu aliyeliweka kwenye kundi la simu. Faili lililopakuliwa kwa vipande huku mtandao ukikatika huweza kuharibika bila dalili, na matokeo yake ni usakinishaji unaokwama asilimia 60. Kwa hiyo fungua Command Prompt, andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256, na ulinganishe herufi na namba zitakazotoka na zile zilizochapishwa kwenye tovuti. Zikitofautiana hata kwa moja, pakua upya.

Fungua Rufus, chagua flashi, chagua ISO, kisha anza. Hakikisha mara mbili kwamba umechagua flashi na si diski ya nje yenye nakala zako, kwa maana Rufus hufuta bila huruma. Kwa Windows 11, Rufus itakuuliza kama unataka kuondoa vigezo vya RAM, Secure Boot na TPM. Weka alama hapo ikiwa tu umechagua njia ya tatu.

## Hatua ya 8: Sakinisha

Chomeka chaja na uzime kompyuta. Iwashe kutoka kwenye flashi kwa kugonga F9 kwa HP, au F12 kwa Dell na ThinkPad.

Waliochagua Linux Mint wana bahati ambayo wa Windows hawana: mfumo wote huwaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Utumie hivyo kwa saa nzima. Unganisha Wi-Fi, cheza sauti, jaribu kamera, padi ya kugusa na vitufe vya mwanga, funga kifuniko na ukifungue uone kama inaamka. Hakuna orodha ya vigezo inayoshinda jaribio hili. Ukiridhika, bofya alama ya kusakinisha iliyo kwenye uso wa kompyuta. Usiporidhika, zima na uchomoe flashi, na Windows yako itakuwa palepale.

Kwa Windows kutoka kwenye flashi, ukifika penye orodha ya sehemu za diski, soma ukubwa wake kabla ya kufuta chochote. Kwa wanaohamia kwa njia rasmi, kazi ni kusubiri: kwenye SSD huwa saa moja na ushee, kwenye HDD ya kizamani inaweza kumeza nusu siku. Kompyuta itajizima na kujiwasha mara kadhaa, na asilimia zinaweza kusimama mahali pamoja kwa dakika 20 au 30. Usibonyeze kitufe cha kuzimia. Wengi wa wanaoniletea kompyuta zisizowaka walikosa subira hapo.

## Hatua ya 9: Hakiki matokeo

Kwenye Windows, andika winver kuthibitisha toleo, kisha fungua Device Manager na utazame kama kuna alama ya njano. Ikiwepo, nenda kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta, weka namba ya mashine yako, na uchukue draiva (programu inayoendesha kifaa husika) ya hapo. Programu zinazojitangaza kutafuta draiva zote kwa mbofyo mmoja ziepuke, kwani nyingi huja na uchafu.

Thibitisha kwamba Windows imewezeshwa, endesha Windows Update hadi isibaki kitu, chapisha ukurasa mmoja, na uirudishie BitLocker ulinzi ikiwa uliusimamisha. Kisha fanya kazi zako za kawaida kwa siku tatu nzima, huku ukifungua zile programu ulizoziorodhesha katika hatua ya sita, moja baada ya nyingine.

Walioboresha kutoka Windows 10 bila kufuta diski wana siku 10 za kurudi nyuma kupitia Settings, System, Recovery, Go back. Ukitaka muda zaidi, fungua Command Prompt kama msimamizi mapema na uandike DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:30, nao utakuwa siku 30. Katika muda huo usifute folda ya Windows.old kwa nia ya kupata nafasi, kwa kuwa humo ndimo Windows 10 yako ilimohifadhiwa.